Mashine ya zamani ya kufunga marobota ya nyasi: kamba ya kulia inaachia na bolti ya flaiwili inakatika

Mfugaji_Njoro

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaomba msaada kwa wale wanaozifahamu mashine za zamani za kufunga marobota madogo ya pembe nne, zile za kamba mbili zinazovutwa na trekta. Yangu niliinunua ikiwa imetumika kwa miaka mingi, ninaivuta kwa Massey Ferguson 290, na kazi yake ni nyasi za Boma Rhodes, pamoja na mabua ya ngano baada ya mavuno.

Matatizo ni mawili, na sijui kama yana uhusiano. La kwanza ni kwamba kamba ya kushoto inafungwa vizuri wakati wote, lakini ya kulia inaachia mara kwa mara, hivyo robota linatoka nyuma likiwa limeshikwa upande mmoja, na likigusa ardhi linafumuka lote. La pili ni bolti ya flaiwili (lile gurudumu zito linalohifadhi nguvu ya kuendesha mashine), ambayo inakatika hata pale ambapo nyasi ni chache, hasa ninapokata kona mwishoni mwa shamba au ninapovuka mtaro wa kuzuia mmomonyoko.

Fundi niliyemwita alikaza springi zote za mitambo ya fundo, kulia na kushoto, kisha akaweka kipande cha nondo mahali pa bolti ili isitusumbue tena. Tulipoijaribu ilitoa kishindo ambacho sikukipenda, nikaisimamisha. Nyasi zimeshakatwa ziko chini, na mawingu mnayaona wenyewe. Nianzie wapi?

FundiWaMoiben

Ndugu yangu, toa hiyo nondo kabla hujafanya jambo jingine lolote. Bolti ile imewekwa pale ili ikatike; ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika mashine hiyo, na kazi yake ni kuvunjika badala ya sindano, giaboksi au mkono wa planja, yaani kile chuma kinachokwenda na kurudi kushindilia nyasi. Kitabu cha mashine kinataja unene na ugumu wa bolti yake, na mtu akiweka iliyo ngumu zaidi, au nondo, au msumari wa nchi sita, basi nguvu yote ya flaiwili inatafuta mahali pengine pa kutokea. Kishindo ulichokisikia huenda kilikuwa ni planja ikigonga kitu ambacho bolti ingekuokoa nacho. Kagua sindano zote mbili kama hazijapinda hata kidogo, na kagua kiunzi kinachozibeba kama hakina ufa kwenye maungio ya welding.

Jambo la pili: rudisha springi za upande wa kushoto pale zilipokuwa, ikiwa alama ya rangi au ya kutu bado inaonyesha. Upande uliokuwa unafunga vizuri haukuwa na sababu ya kuguswa. Zaidi ya hayo, ni mwalimu wako, kwa sababu mitambo hiyo miwili ni pacha, na kila pengo au kipimo unachokitilia shaka upande wa kulia unaweza kukilinganisha na cha kushoto.

Sasa tuje kwenye fundo lenyewe. Watu wengi wakiona robota limefumuka wanakimbilia spana, ilhali ushahidi wote umelala chini kwenye nyasi. Chukua ile kamba iliyoachia, iite ushahidi, na uisome. Ili uisome sharti ujue inavyopita. Kamba inatoka kwenye sanduku, inapita kwenye tundu la sindano iliyo chini ya chemba (chumba ambamo nyasi zinashindiliwa), inapanda hadi juu, na ncha yake inabanwa kwenye sahani yenye mikato iliyo ndani ya mtambo wa fundo. Nyasi zinaposhindiliwa zinaisukuma kamba hiyo nyuma, hivyo robota likikamilika kamba imelala juu yake, imezunguka upande wa nyuma na imerudi kwa chini. Hapo sindano inapanda na kuleta kamba upande wa mbele, inaiweka kwenye sahani ileile, na kwa muda mfupi mtambo unakuwa na nyuzi mbili: ule uliobanwa tangu mwanzo, ambao tuuite uzi wa juu, na ule ulioletwa na sindano. Kile chuma kinachozunguka chenye umbo la mdomo wa ndege kinazisokota zote mbili, ulimi wake unazibana ncha, kisu kinakata, na mkono wa kisu unalivua fundo kutoka mdomoni. Wazo hili halijabadilika sana tangu John Appleby wa Wisconsin, Marekani, alipotengeneza mtambo wake wa kufunga miganda kwa kamba katika miaka ya 1870, kwa hiyo chapa ya mashine yako si muhimu sana hapa.

Basi tazama. Kama fundo liko kwenye uzi wa sindano peke yake na uzi wa juu hauna kitu, maana yake uzi wa juu ulichomoka kwenye sahani kabla ya kufungwa. Kishikio, yaani chuma kinachoibana kamba kwenye sahani, kimelegea, au kuna uchafu chini yake, au robota linashindiliwa kwa nguvu kupita kiasi. Kama fundo liko kwenye uzi wa juu peke yake, uzi wa sindano haukufika mahali pake. Hapo unakagua sindano, kidole kinachosukuma kamba, na mpangilio wa sahani. Kama nyuzi zote mbili zilisokotwa lakini fundo likafunguka, ulimi wa mdomo umelegea au mkono wa kisu hauvuti vya kutosha. Na kama fundo ni zuri lakini kamba imekatika kando yake tu, basi lilichelewa kutoka mdomoni: ulimi umekazwa mno, mdomo una kutu au makovu, au mkono wa kisu haugusi mgongo wa mdomo inavyotakiwa.

Tuletee kwanza maelezo ya ncha hizo. Mpaka hapo usikaze kitu.

Siha_Malisho

Nawasalimu kutoka Kilimanjaro Magharibi. Fundi ameeleza vizuri, naomba niongeze swali moja kwa mkuu wa Njoro: unatumia kamba ya katani au ya plastiki, na je, pande zote mbili ni kamba ya aina moja? Nimeona zaidi ya mara moja mtu amemaliza roli ya katani upande mmoja, akaweka ya plastiki iliyokuwa ghalani, halafu akashangaa upande huo unapoanza kuachia. Kamba ya plastiki ni nyembamba na inateleza, kwa hiyo kishikio kilichopangwa kwa ajili ya katani hakiibani. Ukirudi kwenye katani baada ya kukaza, kishikio kinaitafuna.

Mimi napendelea katani. Mmea huo uliingia Tanga mwaka 1893 kwa mkono wa Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, na kwa miongo mingi sehemu kubwa ya nyuzi zake ilikwenda nje kutengenezewa kamba hizihizi za mashambani, mpaka plastiki ilipoupunguza ule mkonge bei. Si suala la uzalendo tu. Kipande cha katani kikipotelea ndani ya nyasi kinaoza, na ng'ombe akikimeza hakimdhuru kama plastiki inavyoweza kukaa tumboni. Kwa upande mwingine, katani mbovu yenye sehemu nene na nyembamba itakusumbua hata kama mtambo umepangwa kikamilifu, na panya wanaipenda mno.

Kagua pia njia ya kamba tangu sandukuni. Plastiki inachimba mfereji ndani ya vyuma inamopita, na mfereji huo una kingo kama wembe. Pitisha kidole, mashine ikiwa imezimwa, kwenye kila tundu na kwenye jicho la sindano ya kulia.

Mfugaji_Njoro

Asanteni sana. Nondo imetolewa. Sindano hazijapinda, nimezilinganisha kwa ubao ulionyooka. Kamba ni katani pande zote mbili, kutoka duka moja.

Nimeokota kamba za kulia kwenye marobota yaliyofumuka, na karibu zote zinasema jambo moja: fundo dogo liko kwenye uzi wa sindano peke yake, na ncha ya uzi wa juu imechambuka kama brashi. Nimefungua mfuniko na kuutazama mtambo wa kulia kwa tochi. Chini ya kishikio cha sahani pamejaa vumbi la nyasi lililochanganyika na grisi ya zamani, limekuwa gumu kiasi kwamba nilidhani ni chuma.

FundiWaMoiben

Hapo umepata nusu ya jibu. Kishikio kilicholala juu ya uchafu kinaonekana kimebana, kumbe kimeshikilia uchafu na kuiacha kamba. Springi yake inaweza kukazwa hadi mwisho na bado kamba ikachomoka. Ndiyo maana fundi wako alikaza bila kufanikiwa.

Zima trekta, toa ufunguo, subiri flaiwili isimame kabisa, kwa kuwa inaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya PTO (shafti ya trekta inayoendesha mashine) kukatwa. Kisha toa kishikio, kwangua uchafu wote, tazama kama uso wake na meno ya sahani vimelika, na uondoe makali yasiyotakiwa kwa tupa nyembamba. Mdomo uusugue kwa msasa laini mpaka ung'ae, kwa kuwa kutu kidogo tu ya msimu wa mvua inatosha kulizuia fundo lisitoke. Noa kisu. Ncha iliyochambuka kama brashi inaweza kuwa ni alama ya kuchomolewa, lakini kisu butu nacho kinaacha alama inayofanana sana, kwa hiyo usikiamini mpaka ukione kinakata kamba kwa wepesi.

Ukirudisha kishikio, anza na springi ikiwa imelegea, kaza robo mzunguko mmoja mmoja, na baada ya kila robo vuta kamba kwa mkono. Inatakiwa ishike kwa nguvu lakini isikatwe. Baada ya hapo izungushe flaiwili kwa mkono, kwa mwelekeo wake wa kawaida, ukiwa umeachilia kile kikwamulio kinachoanzisha ufungaji, na uutazame mzunguko mzima polepole: sindano inapanda, kamba inakaa sahanini, mdomo unazunguka, mkono wa kisu unapita ukiugusa mgongo wa mdomo bila kuachia pengo. Anayezungusha na anayetazama wasemezane, na asiwepo mtu mwenye kidole ndani ya mtambo wakati flaiwili inasogea, kwani ule uzito hauhitaji injini ili ukate kidole.

Kuhusu bolti, nakuuliza: unapofika kwenye kona unapunguza moto wa trekta?

MamaMaziwa_OlKalou

Mwanangu wa Njoro, pole kwa usumbufu. Mimi nawafungia majirani nyasi huku Nyandarua, na naona mafundi wanazungumza chuma tu, ilhali nusu ya matatizo yanaingia kupitia mdomo wa mashine. Huku kwetu umande unakaa hadi saa nne na zaidi, na ukiingia shambani mapema, nyasi zenye unyevu zinajikunja, zinakwama kwenye uma za kulishia, robota linakuwa zito na kamba inavutwa kuliko inavyostahili. Hapo hata kishikio kizima kinaachia.

Kama huna kipimo cha unyevu, tumia chumvi. Katakata nyasi vipande vifupi, viweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko pamoja na chumvi kavu kiasi cha kijiko, tikisa vizuri kwa dakika chache. Chumvi ikibaki inamwagika chini peke yake, funga. Ikishika kwenye nyasi na kuganda, subiri jua. Marobota madogo yanataka unyevu wa asilimia 15 hadi 18, na ukivuka 20 unajitafutia ukungu na joto ghalani. Ukikausha kupita kiasi nako majani yanapukutika, hasa lusani, ukabaki unawauzia watu vijiti.

Na usilaze safu nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine. Chemba ikijaa upande mmoja, robota linatoka limepinda, kamba ya upande ulionenepa inabeba kazi yote, na ile nyingine inaning'inia. Je, marobota yako yananyooka?

Mfugaji_Njoro

Nawashukuru wote, na shikamoo Mama. Mtambo wa kulia umesafishwa, kisu kimenolewa, kishikio kimekazwa kwa robo kama mlivyoelekeza, na kamba ya kulia sasa inafungwa sawasawa na ya kushoto. Nilianza kazi mchana baada ya chumvi kukubali.

Kwa swali la FundiWaMoiben: ndiyo, kwenye kona napunguza moto ili mashine isiruke. Nikaacha kupunguza, nikawa nashikilia mizunguko 540 ya PTO kwa dakika wakati wote na kupunguza mwendo kwa gia tu. Bolti imepungua kukatika kwenye kona, lakini kwenye mtaro bado inakatika. Jambo la ajabu ni kwamba inakatika hata chemba ikiwa haina nyasi mpya, mara tu magurudumu yanapodunda. Marobota, Mama, yamepinda kidogo kuelekea kulia.

FundiWaMoiben

Kona ina maelezo mepesi. Nguvu inayohifadhiwa na flaiwili inafuata mraba wa mwendo wake: ukishusha mizunguko hadi nusu, umebaki na robo ya nguvu, na planja bado inadai ileile iliyokuwa ikidai. Flaiwili inakwama, trekta inaendelea kuisukuma, bolti inalipa. Ndiyo maana inakatika hata kwenye nyasi chache.

Mtaro ni jambo jingine, na maelezo yako yanaelekeza mahali pamoja. Mashine hizi zina kizuizi cha planja, chuma kinachoingia ndani ya chemba kila sindano zinapotoka nyumbani kwao, ili kama mpangilio umeharibika planja igonge kizuizi badala ya kuvunja sindano. Kizuizi kimeunganishwa na kiunzi cha sindano. Kiunzi hicho, mashine ikiwa haifungi, kinatakiwa kilale chini kabisa na kubaki hapo, na kinachokituliza ni breki iliyo kwenye shafti ya mitambo ya fundo. Breki ikilegea, au ikiingia mafuta, shafti inapitiliza mahali pa kusimama au inarudi nyuma, kiunzi kinabaki kimeinuka kidogo, na kizuizi kinaanza kuchungulia ndani ya chemba. Kwenye ardhi tambarare planja inapita kwa bahati. Gurudumu likidunda, kiunzi kinaruka, kizuizi kinaingia, planja inakigonga. Kile kishindo cha siku ya nondo nadhani ndicho hiki.

Fanya jaribio. Mashine ikiwa imezimwa na imemaliza mzunguko wa kufunga, shika kiunzi cha sindano kwa mikono miwili na ujaribu kukiinua. Kikipanda kirahisi, umempata mwizi.

Mfugaji_Njoro

Kinapanda kwa mkono mmoja. Na pembe ya kizuizi ina alama mpya zinazong'aa za kugongwa.

FundiWaMoiben

Basi fungua breki. Kama bitana yake imelowa grisi, ibadilishe au uisafishe kwa petroli na uikaushe kabisa mbali na moto. Kama imelika hadi kwenye riveti, hakuna kusafisha, weka mpya. Ukaze springi mpaka kiunzi kishindwe kuinuka kwa mkono mmoja lakini mzunguko wa kufunga uendelee bila kusuasua. Breki iliyokazwa kupita kiasi inachemka na kulisha cheni mzigo usio na sababu. Anayepaka grisi kila siku aambiwe kwamba sehemu hiyo haipakwi.

Kabla hujarudi shambani kagua mpangilio wa sindano na planja, kwa sababu cheni inayoendesha mitambo ya fundo huenda iliruka jino wakati wa nondo. Zungusha kwa mkono mpaka ncha za sindano zianze kuingia kwenye chemba. Wakati huo planja inatakiwa iwe tayari inazifunika, ncha zikipita ndani ya mifereji yake, na si mbele ya uso wake ambako nyasi zinazisukuma. Kitabu cha mashine kinatoa kipimo kamili. Usipokuwa nacho, kanuni hiyo inatosha kukuonyesha kama umepotea jino zima.

Siha_Malisho

Nyongeza fupi kuhusu kupinda. Safu ikiwa sawa na robota bado linapinda, tazama meno ya kuokotea na uma za kulishia. Uma wa mwisho ukivunjika au ukifungwa kwenye tundu lisilo lake, nyasi hazifiki upande wa mbali wa chemba. Tazama pia vile vishikizi vya springi vinavyozuia nyasi zisirudi nyuma planja inapojitoa. Kimoja kikikwama upande mmoja kwa kutu, upande huo unarudi kila pigo.

Mfugaji_Njoro

Breki ilikuwa imelowa mafuta kabisa, nimeweka bitana mpya. Cheni haikuwa imeruka. Nimevuka mtaro uleule mara kadhaa, kwenda na kurudi, bolti iko pale pale. Uma wa mwisho ulikuwa kwenye tundu la ndani. Nimeusogeza nje na marobota yamenyooka. Limebaki jambo moja: upande mmoja wa robota una manyoya, yaani majani marefu yananing'inia, wakati upande wa pili umekatwa safi.

MamaMaziwa_OlKalou

Manyoya hayo wanunuzi wa huku wanayaona kabla hata hawajauliza bei, kwa hiyo usiyaache.

FundiWaMoiben

Huo ni upande ambao nyasi zinaingilia. Planja ina kisu ubavuni, na chemba ina kingine kisichosogea, na vinatakiwa vipishane kwa pengo jembamba sana, takriban nusu milimita. Visu vikiwa butu, au planja ikiwa imelegea juu ya reli zake kwa sababu beringi au vipande vya mbao vya kutelezea vimelika, nyasi zinavutwa badala ya kukatwa, na planja inatumia nguvu ya ziada kila pigo. Anza na reli, usianze na visu. Ukisogeza kisu kwenye planja inayoyumba, siku ikiyumba upande wa pili visu vitagongana. Ondoa kuyumba kwa planja kwanza, toa visu vyote viwili unoe, kisha weka pengo ukilipima mahali pote visu vinapopishana, juu, katikati na chini. Na weka bolti mbili au tatu za akiba, za ugumu uleule wa kitabu, kwenye sanduku la kamba.